Profesa Nyumbani kwa Bi Nermin

Kongamano la Lodwar lilipokwisha Ijumaa mchana, Céline alikuwa amejifunza kwamba kiti cha plastiki hata ukikivalisha kitambaa cheupe na utepe wa zambarau bado kinaumiza makalio, na kwamba mtu anaweza kutukanwa mbele ya ukumbi mzima kwa lugha safi kabisa, halafu akaombwa asogee karibu na aliyemtukana kwa ajili ya picha ya pamoja.

Alisogea. Kwenye picha hiyo anaonekana akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Shingoni kinaning'inia kitambulisho kinachomwita "Bw. Celine".

Lilikuwa kongamano lake la kwanza. Alizaliwa Uvira, akaingia kambi ya Kakuma akiwa msichana wa shule, akasoma humo humo mpaka akapata digrii kwa mtandao ambao ulikuwa unakatika kila mhadhiri anapofikia jambo la maana. Kazi aliyoipeleka Lodwar ilikuwa ya mwaka mzima. Kila alasiri alikuwa anakaa nyumbani kwa jirani yake Nyaduoth, pamoja na wanawake wa mtaa wao, wakitazama tamthilia ya Kituruki iitwayo Nyumba ya Bi Nermin. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili cha pwani, hata Waturuki wote wakawa wanagombana kama watu wa Tanga. Wanawake walitazama televisheni. Céline aliwatazama wanawake.

Alichogundua ni hiki: mwanamke asiyeweza kusema "mume wangu ananipiga" anaweza kusema, "Huyu Defne akirudi tena kwa yule mume wake, kosa ni lake." Jirani aliyekaa kando, mwenye jicho lililovimba, anasikia. Hajatajwa wala hajaaibishwa. Baada ya muda mwenye jicho anahamia kwa dada yake na hakuna mkutano uliofanyika.

Céline alidhani hilo ni jambo kubwa, na aliwaambia hivyo wasomi wa Lodwar. Kisha Profesa Lokiru akainua mkono.

Profesa Lokiru alikuwa Mturkana mzaliwa wa Lokichar, kusini ya Lodwar, aliyekwenda Nairobi zamani na kukolea huko. Alikuwa amekuja kwa ndege, amevaa suti yenye kizibao ndani, kwenye joto ambalo lilikuwa limeshamvua Mkurugenzi wa kongamano tai na soksi. Swali lake lilikuwa refu kuliko mada yenyewe. Lilipita Ulaya, likazunguka kwa wanafalsafa kadhaa waliokufa, likasimama kidogo anywe soda, ndipo likafika.

"Sasa nisaidie, binti yangu," alisema. "Kuna tofauti gani kati ya utafiti huu na uvivu?"

Ukumbi ukacheka. Hata fundi wa vipaza sauti, aliyekuwa amelala, aliamka akacheka na wenzake.

Céline alisema, "Asante kwa swali," akaketi.

Majibu yalianza kumjia kwenye gari la kurudi Kakuma, yakiwa mazuri yote. La kwanza lilimjia wakiwa hawajamaliza kutoka mjini. Kufikia nusu ya njia alikuwa na jibu kali kiasi kwamba alilisema kwa sauti, na abiria wa mbele akageuka kumuuliza kama anataka kushuka. Alijiuliza kwa nini ubongo wake ni kama duka linalofunguliwa baada ya mteja kuondoka. Alijiuliza pia, kwa hofu kidogo, kama yule mzee hakuwa amesema kweli. Mwaka mzima! Wenzake walipima visima. Walihesabu ngamia. Yeye alikaa kwenye mkeka akila karanga.

Nyaduoth alimpokea akiwa ndani ya duka lake la sukari na sabuni, lililokuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa Mnuer wa Bentiu, Sudani ya kusini, mrefu mpaka mlango wake mwenyewe ulimlazimisha kuinama, na hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Wamekupiga makofi?"

"Walicheka."

"Walicheka vizuri ama vibaya?"

Céline akamweleza. Nyaduoth alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kikombe cha kupimia sukari.

"Na wewe ukamwambia nini huyo mzee?"

"Nikamwambia asante."

"Asante! Bi Nermin angemwagia yeye maji."

"Hakukuwa na maji, walitupa soda."

"Soda pia inamwagika, Céline."

Wote wawili walikuwa wamebakiza sehemu mbili za mwisho za tamthilia. Nyaduoth alikuwa nazo kwenye flashi tangu Jumatano, na alikuwa amekaa nayo bila kuigusa, jambo ambalo kwa Nyaduoth lilikuwa sawa na kufunga na kuomba. Waliahidiana kutazama kesho yake alasiri, wakiwa wamefua na kupika, bila mtu wa kuwasumbua. Céline alikwenda kulala akiwaza hilo tu. Hakutaka kufikiri tena. Alitaka kumwona Bi Nermin, mwanamke aliyefukuza wakwe, mawakili na daktari mmoja wa moyo, akimaliza kazi yake.

Lakini Jumamosi asubuhi akapigiwa simu na Sally, mratibu wa kongamano. Wageni walikuwa njiani kuja Kakuma kwa ziara ya uwandani, na mwenyeji wao alikuwa ameugua tumbo. Je, Céline angeweza kuwatembeza kidogo?

Céline alitaka kukataa. Badala yake alisema, "Hakuna shida," kwa sauti ile ile aliyosemea asante.

Wageni wakaja na basi dogo, wamevaa kofia mpya. Wakatembezwa sokoni, kwenye bustani ya mboga, kwenye kanisa la Wakongomani ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi na ikadhani wageni ni wafadhili, hivyo ikaimba mara mbili. Profesa Lokiru alikuwa amebadilisha suti akavaa nyingine. Hakumkumbuka Céline, au alimkumbuka na hakuona sababu ya kuonyesha. Alikuwa akibaki nyuma kila mara, akiuliza watu maswali yenye vyumba na varanda.

Alasiri mapema, dereva akaanza kupiga honi. Juu yao mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na watu walikuwa wanapiga kelele kwamba maji yanakuja. Kati ya mtaa wa akina Céline na barabara ya lami kuna laga, mto wa mchanga unaokaa mkavu miezi mingi kisha unakumbuka kazi yake ghafla. Sally aliwasukumiza wageni ndani ya basi, akahesabu vichwa, hesabu ikatimia, basi likavuka.

Hesabu ilitimia kwa sababu mama mmoja mwenye kuku, aliyekuwa anatafuta lifti ya kwenda mjini, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Profesa.

Profesa mwenyewe alitokea nyuma ya duka la Nyaduoth, anaandika kitu kwenye simu, wakati maji ya kahawia yamekwisha kujaa laga yakibeba matawi na kandambili moja.

"Basi liko wapi?" aliuliza.

Céline akamwonyesha. Ng'ambo, basi lilikuwa linapotea na vumbi lake.

"Maji haya yatapungua saa ngapi?"

Nyaduoth alikuwa ametoka kusimama mlangoni. Alimtazama kuanzia viatu kupanda juu. "Mzee, si wewe ni Mturkana? Mimi natoka Sudani. Unaniuliza mimi laga?"

Akamsalimia hata hivyo kwa Kiturkana, ejok, naye akajibu ejok kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na ile ya ukumbini. Wakampa kiti. Nyaduoth akamletea kahawa yenye tangawizi nyingi, akamvuta Céline pembeni.

"Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Nimpe chumvi badala ya sukari?"

"Nyaduoth!"

"Nauliza tu. Lakini sikia, profesa ama hakuna profesa, leo tunaangalia."

Wanawake wa mtaa walikuwa wameshaanza kuingia, kila mtu na mkeka au mtoto wake, wakimpita Profesa kama fanicha iliyoongezwa. Betri ya sola ilikuwa imejaa. Nyaduoth akachomeka flashi. Profesa akageuza kiti chake, akawapa mgongo kwa heshima, akainua simu kutafuta mtandao, ambao haukuwepo.

Alivumilia wimbo wa mwanzo. Alivumilia kofi la kwanza. Bi Nermin alipoingia sebuleni na koti la manyoya na kutangaza kwamba wosia wa marehemu ulikuwa bandia, shingo ya Profesa ilijigeuza yenyewe.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye mwenye nyumba," Céline akasema.

"Na kijana anayelia?"

"Tariki. Mtoto wake wa kwanza. Aliondoka zamani kwenda ng'ambo, akawa daktari mkubwa. Sasa amerudi, na mama yake amekataa kumfungulia mlango."

"Kwa nini?"

Wanawake wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na sababu zake, mpaka Nyaduoth akalazimika kusimamisha picha ili watu wamalize kugombana. Profesa akageuza kiti. Muda si mrefu akavua koti, akalikunja vizuri juu ya gunia la mchele. Mtu akampa karanga.

Sehemu hiyo ya kabla ya mwisho ilikuwa ya Tariki karibu yote. Alisimama getini kwenye mvua. Aligonga, akaita, akalia kwa Kiswahili cha Tanga. Ndani, Bi Nermin alikuwa amesimama nyuma ya pazia na kikombe cha chai, hakuna hata msuli wa uso wake uliotikisika.

"Akae huko huko," alisema mama mmoja wa Burundi. "Miaka yote hiyo hata simu hakupiga."

"Alituma pesa," mwingine akasema.

"Pesa inasema habari za asubuhi?"

"Kiburi tu kile," Nyaduoth akahitimisha. "Amesoma, ameona mama yake ni mtu wa kijijini."

"Hapana!"

Wote waligeuka. Profesa Lokiru alikuwa amesimama, mkono mmoja una karanga.

"Mnamlaumu bure," alisema. "Siyo kiburi. Mtu akikaa mbali mwaka wa kwanza anasema nitakwenda Krismasi. Haendi. Mwaka wa pili anaona aibu kwa sababu ya mwaka wa kwanza. Halafu aibu inazaa. Mwishowe anapita karibu kabisa na nyumbani, anaona mpaka barabara ya kuingilia, na anamwambia dereva aendelee, kwa sababu atasema nini? Ataingia na kusema nini? Mnadhani ni rahisi? Anampenda mama yake, huyu!"

Kwenye televisheni mvua ilikuwa inaendelea.

Nyaduoth akauliza taratibu, macho yakiwa kwenye kioo, "Na mama yake hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

"Anakaa na nani?"

"Na dada yangu, hapo Lokichar."

Bi Nermin alikuwa mjini Istanbul, amesimama kwenye zulia, magoti yake yakiwa na afya njema. Mtoto mmoja mdogo akamwuliza mama yake kama Lokichar iko Uturuki, akazibwa mdomo. Wanawake wote wakawa ghafla wanashughulika sana na mikeka, nepi za watoto na maganda ya karanga. Hakuna aliyecheka, na kwa watu wale ilikuwa kazi ngumu. Bega la mama wa Burundi lilikuwa linatetemeka.

Profesa alisikia alichosema kama mtu anayesikia sahani ikivunjika chumba cha pili. Akaketi. Akatafuta koti lake, asilivae.

Céline ndiye aliyekuwa na la kusema. Alikuwa nayo yote, yale majibu ya njiani, yamepangwa kama soda kwenye kreti. Alimtazama mzee mwenye karanga mkononi, na akaona hayahitaji hata moja.

"Profesa," alisema, "unaona sasa ninachofanya hapa."

Profesa akakohoa na kuirudisha sauti ya ukumbini, ingawa haikukaa vizuri.

"Sampuli yako bado ni ndogo."

"Imeongezeka mmoja sasa hivi."

Hapo Nyaduoth akashindwa. Alicheka kicheko chake cha Bentiu, kilichoanzia tumboni na kupiga mabati, na wengine wakaachilia walichokuwa wamebana, na Profesa akawatazama kwa hasira kwanza, halafu kwa mshangao, halafu naye akaanza, vibaya, kama gari lililokaa sana bila kuwashwa.

"Utaniandika?" alimwuliza Céline alipopata pumzi.

"Ukiniruhusu."

"Jina usiweke."

"Nitaandika mama wa makamo, mkaazi wa mtaa, muuzaji wa samaki."

"Samaki wa wapi?"

"Wa Kerio."

Alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote. "Sawa. Lakini ile sehemu ya nadharia ni dhaifu. Hilo sitaliondoa. Nitakutumia vitabu."

Halikuwa ombi la msamaha. Céline aliliangalia kila upande na kuona kwamba lingefaa kidogo.

Maji yalikuwa yameanza kupungua. Nyaduoth alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza sehemu ya mwisho kabisa, wimbo unalia, pikapu ikanguruma nje na Sally akaingia na matope mpaka magotini, amechanganyikiwa, anaomba radhi kwa Profesa, kwa wenyeji na kwa Mungu. Kisha akaona televisheni.

"Ala, Bi Nermin! Mmefika mwisho? Pale anapo—"

"Usiseme!" walipiga kelele wote, na sauti ya Profesa ndiyo ilikuwa juu.

Aliomba dakika chache tu. Sally akamwambia kukiwa na giza dereva hatavuka, na ndege ya Lodwar ni asubuhi. Profesa alijaribu kueleza kwamba hali ilikuwa katika hatua muhimu. Mwishowe akasindikizwa kwenye pikapu kama mtoto anayetolewa harusini, akamshika Céline mkono dirishani na kusema, "Utaniambia. Kama amemfungulia."

Wakarudi ndani wakatazama.

Mwisho wenyewe ulikuwa takataka. Baada ya vitimbi vyote vile, Bi Nermin aligongwa na lori akielekea saluni. Tariki alilia juu ya kaburi kwa muda mrefu, Defne akarudi kwa yule mume wake, na kukawa na ngoma ya harusi ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Nyaduoth alichomoa flashi akatangaza kwamba anaitupa lagani. Mama wa Burundi alitaka kujua nani aliyeandika upuuzi huu na anaishi wapi. Walikaa mpaka kahawa ikaisha wakitunga miisho mingine, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimtetea Bi Nermin wake, na Céline, ambaye tangu Lodwar alikuwa amebeba kitu kizito mahali fulani chini ya mbavu, akagundua kwamba amecheka hadi mbavu zenyewe zimechoka. Hakuandika chochote siku hiyo.

Jumanne simu yake ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua, na nyuma ya sauti kulikuwa na mbuzi.

"Ni mimi," alisema Profesa Lokiru. "Sikupanda ile ndege."

"Uko wapi, Profesa?"

"Niko nyumbani. Mama alinitazama kutoka mlangoni muda mrefu sana. Halafu akasema nimenenepa, akaingia ndani. Dada yangu anasema hiyo ni ndiyo. Sijui. Nimelala hapa siku mbili, hatuna la kuongea, tunatazamana tu kama watu kwenye foleni. Kwa hiyo nikaanza kumsimulia ile hadithi. Ya Bi Nermin. Jana nilisimulia toka mchana mpaka ng'ombe wakarudi. Sasa amekataa kunywa chai mpaka ajue mwisho. Kijana alifunguliwa?"

Céline alikuwa dukani. Nyaduoth, aliyekuwa ametega sikio tangu neno la kwanza, alitikisa kichwa kwa nguvu na kuigiza lori kwa mikono, kisha akajikata shingo kwa kidole: lisitajwe.

"Alifunguliwa," Céline akasema.

"Kweli?"

"Alimwacha nje mpaka mvua ikaisha. Halafu akafungua. Akamwambia avue viatu, ameleta matope kwenye zulia."

Profesa akaweka simu mbali na mdomo na kuanza kutafsiri. Céline alisikia Kiturkana kikienda polepole, kikitafuta maneno, kikikwama kwenye neno zulia, kikiendelea. Kisha sauti kavu ya mwanamke mzee ikasema jambo fupi, na mtu mwingine, labda dada, akacheka.

"Amesemaje?" Céline aliuliza.

"Anasema ni sawa," Profesa akajibu. "Lakini anauliza, watu wote hao kazi yao ni kulia kutwa nzima, mbuzi wao wanachungwa na nani?"